Msafiri kafiri? Mume na mke juu ya pikipiki, Kitengela hadi Kajiado

Iko methali ambayo sisi watu wa pwani huitaja kwa wepesi, aghalabu tukicheka, wala hatuipimi uzito wake. Twasema, msafiri kafiri. Wako wanaoifasiri kwa upande wa ibada, kwamba msafiri humwona akila mchana wa Ramadhani na kuswali rakaa mbili mahali pa nne, na asiyejua sheria akamdhania ameacha dini. Na wako wanaoifasiri kwa upande wa tabia. Hao husema mtu akishatoka mjini kwao, hapana jirani wa kumwonea haya wala mzee wa kumkanya. Atasema asilolijibu, atachukua asichokilipa, na kesho ukimtafuta hayupo.

Leo nataka kuichukua methali hiyo niipeleke bara, mbali na harufu ya bahari, katika barabara ya lami itokayo Athi River ikapita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil mpaka mpakani Namanga. Njia hiyo ni kipande kidogo cha njia kuu iliyokusudiwa kuunganisha Cairo na Cape Town. Kila mwaka hupita juu yake wageni waliopanda pikipiki, wengine peke yao, wengine mume na mke. Huonekana dakika moja na mngurumo wao, kisha hupotea. Nani hao? Wanatafuta nini? Na je, methali yetu inawapata au haiwapati?

KITENGELA

Msomaji ambaye hajafika Kitengela asidhani ni kijiji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji huo ulionekana una watu 154,436, na wazee walioukuta ni maduka machache ya kando ya njia wangali hai. Uko kiasi cha kilomita 30 tu kutoka Nairobi, na wafanyakazi wengi wa jiji hulala huko kwa kuwa kodi za nyumba ni nafuu. Upande wa Athi River viko viwanda vya saruji na lile eneo la viwanda vya kuuza nje lililoanzishwa mwaka 1990. Basi barabara haina mapumziko. Matrela ya saruji, matatu, malori ya mifugo, punda wa maji na bodaboda, vyote vinagombania lami moja.

Nilifika hapo Februari 2019. Nilipanda garimoshi jipya la Mombasa, lile lililoanza kubeba abiria mwaka 2017, nikateremka stesheni ya Athi River na kuchukua matatu. Nilikuwa na safari ya Kajiado, na mwenyeji wangu alikuwa mpwa wangu, kijana wa dada yangu, ambaye riziki yake ameipata Kitengela juu ya pikipiki ya bodaboda.

Hapa yafaa nieleze jambo. Neno bodaboda lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako vijana wa baiskeli walikuwa wakiwavusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Baiskeli zikatawala miaka mingi. Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo zisizofika nguvu za sisi 250, na tangu hapo nchi nzima ikajaa pikipiki. Vijana wasiokuwa na shamba wala cheti wakapata kazi, na hospitali nazo zikapata majeruhi. Kwa mpwa wangu pikipiki si starehe. Ni jembe lake.

Siku hiyo, alipokuwa akijaza mafuta katika kituo cha petroli kando ya njia ya Namanga, ndipo nilipowaona.

BWANA NA BIBI

Walikuwa Wazungu wawili, mume na mke, umri wao haupungui wangu, na mimi nimekwisha pita hamsini. Majina yao nayahifadhi, kwani hawakunipa ili niyachape. Pikipiki yao ilikuwa moja, jitu la chombo, uzito wake peke yake zaidi ya kilo 200. Ubavuni ilifungwa masanduku mawili ya bati, na nyuma furushi la hema. Vumbi lilikuwa limewapaka mpaka kope. Vijana wa bodaboda walikuwa wamewazunguka, si kwa kuomba, bali kwa mapenzi ya fundi amwonapo fundi mwenziwe. Mmoja aliuliza inakunywa lita ngapi, mwengine akainama kutazama mnyororo asiuone, maana chombo kile huendeshwa kwa mtaimbo uliofichwa ndani.

Bibi alijua maneno ya Kiswahili ishirini au thelathini, na yote aliyatumia. Alinipa salamu kabla sijampa. Tukakaa katika hoteli ndogo iliyo karibu, tukaagiza chai ya maziwa na mandazi, na kwa Kiingereza changu cha magazeti tukazungumza.

Walikuwa wametoka Misri, wakapita Sudan, wakaingia Habeshi, na wakavuka mpaka wa Kenya pale Moyale. Hapo, walinieleza, jambo la kwanza ni kuhamisha mkono, kwani Habeshi magari hupita kulia na Kenya hupita kushoto, na saa ya kwanza baada ya kuvuka ndiyo yenye hatari. Kutoka Moyale hadi Isiolo walikuwa wameonywa na vitabu vya zamani kwamba watavunjika mifupa kwa mawe na makorongo. Wakaikuta lami, maana barabara ile imekwisha kutengenezwa. Mkononi walikuwa na kijitabu cha forodha ambacho hugongwa muhuri chombo kiingiapo nchi na kigongwe tena kitokapo, ili ijulikane hakikuuzwa. Walikuwa na bima ya Kadi ya Manjano ya nchi za COMESA. Walikuwa na sufuria moja, bakuli mbili na vijiko viwili.

Niliwauliza, kama ambavyo kila msomaji wangu angaliuliza, mume na mke wanawezaje kukaa miezi juu ya kiti kimoja bila ya kuachana. Walicheka. Bwana akasema wana kanuni, kwamba asubuhi yoyote waliyogombana chombo hakiwashwi mpaka maneno yamekwisha, kwa sababu mwendeshaji mwenye hasira haoni shimo. Bibi akanionyesha lugha yao ya safarini, kwani upepo hauachi mtu asikie. Akimgonga mumewe bega mara moja, maana yake simama. Mara mbili, punguza mwendo. Akimkumbatia kwa mikono miwili, maana yake ng'ombe. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelichukua mpaka leo, kwamba mumewe anaijua njia na yeye anaijua nchi. Maana yake ni kuwa anayeendesha macho yake yako juu ya lami, mita thelathini mbele, na ukimwuliza jioni alipita wapi atakutajia mashimo. Aliyekaa nyuma ndiye aonaye watu, nyumba, miti na mifugo. Kila usiku, ndani ya hema, mke humhadithia mumewe nchi waliyoipita.

Hapo nilikumbuka maneno ya wanachuoni wetu, akiwamo Imamu Ghazali, ambao waliona ya kuwa safari imepewa jina hilo kwa Kiarabu kwa sababu hufunua tabia za watu zilizojificha. Na yasimuliwa juu ya Sayyidna Umar kwamba mtu alipomsifu mwenziwe mbele yake, alimwuliza kama amepata kusafiri naye. Ndoa nyingi za mjini zimedumu kwa sababu ya vyumba viwili na mlango. Hawa hawana mlango.

SI WA KWANZA

Yeyote asije akadhani kusafiri kwa ajili ya kuiona dunia ni desturi ya Wazungu peke yao. Sheikh Ibn Battuta wa Tanja alipita pwani yetu mwaka 1331. Mogadishu alikuta desturi kwamba kila mgeni afikaye na jahazi huchukuliwa na mwenyeji mmoja amtunze na amsimamie biashara yake, naye kwa kuwa ni mwanachuoni alipelekwa kwa kadhi. Alilala Mombasa, akaifikia Kilwa, akaandika juu ya ucha Mungu wa watu na ukarimu wa Sultani. Na Mswahili naye ameandika. Salim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia, na habari za theluji zile zimo katika kitabu cha safari za Waswahili kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901.

Ama safari za pikipiki, hizo zina historia yake. Mnamo Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London juu ya pikipiki moja ya Panther yenye kigari cha ubavuni na trela, wakaikata Sahara na kufika Cape Town Julai 1935. Injini iliwafia jangwani, ikatengenezwa, wakaendelea. Mwaka 1973 Ted Simon, mwandishi wa magazeti, alitoka London na Triumph ya sisi 500. Alizunguka dunia miaka minne, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi alizozipita, na kitabu chake cha mwaka 1979 ndicho kilichowatia wengi wazimu wa njia. Ama mume na mke, mashuhuri ni Peter na Kay Forwood wa Australia, walioanza mwaka 1996 na Harley-Davidson moja, na chombo hichohicho kikafikishwa katika kila nchi ya dunia.

Lakini kwa Kajiado mimi nawatanguliza watu wengine, walioipita nchi hiyo kabla pikipiki haijaundwa. Misafara ya pwani, kutoka Pangani na Mombasa, ilizunguka mlima Kilimanjaro na kuikata nchi ya Wamaasai mpaka Ngong, ikitafuta pembe. Jumbe Kimameta wa Pangani aliijua njia hiyo kuliko mtu yeyote. Joseph Thomson, Mskochi yule anayesifiwa kuwa aliifungua nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alipita akiandamana na msafara wa Jumbe huyo, na Teleki, bwana mkubwa wa Hungaria, naye akamtegemea miaka minne baadaye. Na hao wote, Mswahili na Mzungu, walipita kwa kulipa hongo. Walilipa nyaya za chuma na shaba, shanga na nguo. Neno hongo leo limechafuka, limekuwa jina la rushwa. Zamani lilikuwa ushuru wa kupita, na maana yake ilikuwa wazi kwamba nchi hii ina wenyewe, na mpitaji amelikiri hilo.

JUU YA KITI CHA NYUMA

Mpwa wangu akashauri twende pamoja na wageni mpaka Kajiado, ni kilomita hamsini tu. Nilitaka kupanda matatu. Akanambia, "Mjomba, leo na wewe ione nchi." Basi nikaikunja kanzu mpaka magotini, nikavaa helmeti iliyokuwa ikinuka vichwa vya watu mia, nikasoma dua ya kupanda chombo, nikakaa nyuma. Bwana na bibi wakatangulia, lakini walipunguza mwendo ili kijana na farasi wake mdogo asiachwe.

Msomaji, nimeipita njia ile mara kadhaa ndani ya gari, na ninaapa sikuwa nimeiona. Ndani ya gari nchi ni picha iliyotiwa kioo. Juu ya pikipiki nchi inakugusa. Unanusa moshi wa nyama ya mbuzi Kitengela, kisha saruji, kisha mavi ya ng'ombe, kisha majani makavu. Ukipita daraja unasikia ubaridi wa korongo hata kama halina maji. Wachunga wakipunga mkono wanakupungia wewe, na huwezi kujifanya hukuwaona.

Na kitu kimoja nilichokiona tangu tulipotoka mjini ni nyaya. Uzio baada ya uzio, vigingi vya mawe, vibao vya ploti zinazouzwa, arobaini kwa themanini, hamsini kwa mia. Katikati ya uwanda usiokuwa na mti limesimama lango la chuma peke yake, halina nyumba nyuma yake.

Kabla ya Isinya gurudumu la nyuma la wageni likapata pancha. Tukasimama. Bwana akatoa spana na pampu, mpwa wangu akavua koti, na wale wawili wasiokuwa na lugha moja wakashirikiana kama waliosoma chuo kimoja. Mpwa wangu alionyesha jinsi ya kulitoa tairi kwa kulikanyaga kwa kisigino, na bwana mkubwa yule akamwachia kazi.

Tukiwa pale akatujia mzee wa Kimaasai na fimbo yake, nyuma yake kijana mdogo na kundi la kondoo. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, lakini kilimtosha. Akasalimu kila mtu kwa mkono, hata bibi. Akampeleka yule kijana bomani, akarudi na maji ya kunywa katika mtungi wa plastiki. Yalikuwa maji ya kununuliwa, yaliyoletwa kwa punda, na mwezi ule ulikuwa wa kiangazi kikali. Bwana alipotaka kulipa, mzee alikataa kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa jambo la utani.

Kisha akauliza, nami nikatafsiri. Wanakwenda wapi? Nikasema Cape Town. Wanakwenda kuuza nini? Hakuna. Kuzuru kaburi, au kuhiji? Hapana. Wamefuata malisho? Bwana akacheka, mzee hakucheka. Akauliza nani amebaki na watoto wao na mali yao. Bibi akajibu kwamba watoto ni wakubwa, na nyumba wameiuza ili wapate gharama za safari. Nilipolitafsiri hilo mzee alinyamaza kitambo, akamtazama bibi kwa huruma ya kweli, kama mtu amtazamavyo aliyefiwa.

Bibi akaomba ruhusa ya kumpiga picha. Hapo mzee akaweka sharti. Alisema watu wengi wamempiga picha kutoka madirishani na wakaenda nazo, wala hajui zilikokwenda. Kama bibi anaitaka yake, basi naye aletewe nakala, na huko aendako aseme kwamba nchi hii ina wenyewe. Bibi akaandika nambari ya simu ya mpwa wangu. Picha ikapigwa, mzee amesimama wima na bibi ubavuni mwake.

NANI APITA, NANI AZUIWA

Tairi lilipokuwa likijazwa pumzi, mzee alinionyesha kwa fimbo upande wa kaskazini, kule Kitengela tulikotoka. Alisema zamani ukame ukija ng'ombe waliswagwa upande wowote wenye majani, na wanyama wa mwitu nao wakapita vivyo hivyo. Mwaka 2009, katika ukame uliowamaliza Wamaasai mifugo, alikuta njia za baba yake zimefungwa.

Maneno ya mzee yana ushahidi wake. Mbuga ya Nairobi, iliyowekwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu. Pande tatu ina uzio, na upande wa kusini imeachwa wazi, mto Mbagathi ukiwa mpaka, ili nyumbu na punda milia wapate kutoka kwenda uwanda wa Kitengela na Kapiti wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Wamaasai wenyewe walikwisha kusukumwa kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911, wakatolewa Bonde la Ufa na Laikipia kuletwa kusini. Walipofungua kesi mwaka 1913 walishindwa mahakamani. Baada ya uhuru, kwa sheria ya mwaka 1968, ardhi ikaandikwa kwa ranchi za pamoja, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mtu akapewa kipande chake na hati yake. Mwenye hati akipatwa na shida ya karo, ya hospitali au ya ukame huuza. Mnunuzi hujenga uzio. Hakuna mmoja aliyefanya haramu, na kwa pamoja wameiziba nchi.

Ilijaribiwa dawa moja tangu mwaka 2000. Wenye ardhi kusini ya mbuga walilipwa kodi ndogo, dola nne kwa eka kwa mwaka, ili wasijenge uzio, wasiuze, na wawaache wanyama wapite. Fedha zile ziliwafaa wengi kwa karo za watoto. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilisema moyoni, hii ni hongo ile ya kale, kwa maana yake njema, imerudi kwa jina jipya. Anayetaka kupita, au anayetaka kiumbe kingine kipite, na amlipe mwenye nchi.

Basi tazama ajabu ya zama hizi, msomaji. Mume na mke wametoka Misri, na kwa kijitabu cha mihuri wanakwenda mpaka ncha ya Afrika, wala hapana anayewazuia. Na ng'ombe wa mzee hatoki Isinya akafika Mbagathi. Wale wenye kupita kwa hiari yao wamefunguliwa milango, na wale ambao kupita ndiyo maisha yao wamefungiwa. Nilipomweleza bibi hayo alinyamaza, kisha akasema kwamba toka asubuhi alikuwa akiziona nyaya, naye alidhani ni za kuzuia simba.

KAJIADO

Tukafika Kajiado adhuhuri imekwisha ingia. Jina la mji, kwa Kimaasai, latokana na maneno ya mto mrefu, na mto wenyewe mwezi ule ulikuwa mchanga mtupu. Mji umezaliwa na reli, ile njia ya tawi iliyojengwa kutoka Konza kufikia magadi ya Ziwa Magadi na kumalizika mwaka 1915. Sasa ndio makao makuu ya kaunti, na msikitini utamkuta Msomali, Mmaasai aliyesilimu na mtu wa pwani katika safu moja.

Niliswali adhuhuri rakaa mbili na nikaikusanya na alasiri rakaa mbili, kama ruhusa ya msafiri ilivyo. Kwa madhehebu yetu ya Shafii masafa ya kupunguza sala ni marhala mbili, zaidi kidogo ya kilomita 80. Atokaye Nairobi kuja Kajiado amefika ukingoni mwa kiwango hicho. Mimi niliyetoka Mombasa sikuwa na shaka. Wageni walikuwa wakinisubiri nje kivulini, na bibi akauliza mbona sala imekuwa fupi. Nikamweleza kwamba dini yetu humhurumia msafiri. Humruhusu kula mwezi wa Ramadhani akalipe baadaye, humpunguzia rakaa, na katika mafungu manane ya wanaostahili zaka fungu moja ni la mpita njia aliyekatikiwa, hata kama kwao ni tajiri. Akasema kwa mzaha kwamba njia yenyewe haijawahurumia.

Nami nilipokuwa nikimweleza ndipo nilipoipata maana ya methali tuliyoanza nayo. Kilichopunguzwa kwa msafiri ni haki ya Mwenyezi Mungu, naye ni Mkwasi, hana haja ya rakaa zetu. Haki ya mja haikupunguzwa. Hapana sheria isemayo kwamba aliye safarini alipe nusu ya deni, au atoe nusu ya salamu, au atimize nusu ya ahadi. Anayepita kama anayeifuta nchi kwa macho, huyo ndiye methali inayempiga, awe Mzungu juu ya pikipiki, awe Mswahili katika basi la Arusha, awe tajiri wa Nairobi anayenunua ploti asiyomjua jirani yake. Na wale wawili, ambao dini yao sikuwauliza, niliona wamesalimu, wamenywa maji ya watu na kuyashukuru, wamekaa chini na kuulizwa maswali. Chombo chao hakina kioo cha kupandisha, na pancha humshusha mtu akamwona mwenye nchi uso kwa uso.

Tukaagana mbele ya kituo cha mafuta. Walitaka kulala Namanga, chini ya mlima mweusi uitwao Ol Doinyo Orok, na kuvuka asubuhi kuingia Tanzania, ambako tangu Desemba 2018 ofisi za nchi mbili zimewekwa chini ya dari moja ili msafiri asisimame mara mbili. Kisha Arusha, na huko mbele. Walibahatika, kwani tangu vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 njia ile waliyoijia imekuwa ngumu, na wasafiri wengi wa pikipiki sasa hutafuta njia ya kuizunguka nchi hiyo. Watu wa Sudan wenyewe wametawanyika kwa mamilioni, nao hawana vijitabu vya mihuri.

Miezi mitatu baadaye simu ya mpwa wangu ililia. Ilikuwa picha, pamoja na maneno machache kutoka Cape Town. Akaenda kuichapisha studio moja ya Kitengela, akaitia fremu kwa fedha zake, na siku ya Ijumaa, badala ya kubeba abiria, akaipeleka. Alinipigia jioni kunisimulia. Alisema mzee yu hai, ameipokea kwa mikono miwili na kuitundika ndani. Lakini pikipiki hakuweza kuifikisha bomani. Ule upande tuliosimama siku ya pancha umekwisha jengwa uzio mpya, na ikambidi aiache barabarani, azunguke kwa miguu mwendo wa robo saa, fremu kwapani.

Nawaachia wasomaji wangu ubeti mmoja, nilioutunga usiku ule ule Kajiado kabla ya kulala:

Mpita njia salimu, usipite kama pepo,
Wenye nchi wafahamu, wauliza uendapo,
Haki yao ni adhimu, uilipe papo hapo,
Wakukumbuke kwa hamu, keshoye ukiwa hupo.